Draiva Mbili, Diski Moja

Novemba 2015, kerneli ya Linux toleo la 4.3 ilitoka ikiwa imeondolewa zaidi ya mistari 20,000 ya msimbo. Kilichoondolewa ni ext3, mfumo wa faili ulioingia kwenye kerneli mwaka 2001 na ukabeba data za watu kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba aliyeweka toleo hilo kwenye mashine yenye diski ya ext3 alikuta faili zake zote zipo, zinasomeka na zinaandikika kama jana.

Jina ext3 lilibeba vitu viwili. Kwanza ni mpangilio wa diski: majina ya faili yanakaa wapi, tarehe zake wapi, data yenyewe wapi. Pili ni draiva, yaani sehemu ya kerneli inayojua kuusoma mpangilio huo. Mpangilio uko kwenye diski ya mtu, na hakuna wa kuugusa. Draiva ni mzigo wa wanaoitunza kerneli, na ikipatikana nyingine inayosoma mpangilio uleule, hakuna sababu ya kulisha mbili.

Hiyo nyingine ilitoka wapi? ext3 ilikuwa ext2 ya mwaka 1993 iliyoongezewa daftari. Kabla ya kugusa mpangilio wa diski, kerneli huandika kwanza humo inachokusudia kufanya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ikiwaka inasoma daftari na kumalizia pale ilipoishia, badala ya kupekua diski nzima. Mwaka 2006 watunzaji walitaka ext3 ishike diski kubwa zaidi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakutaka majaribio yafanyike ndani ya msimbo ambao watu wameukabidhi data zao. Basi mtunzaji Theodore Ts'o na wenzake wakaunakili wote, wakauita ext4, wakafanyia ufundi wao humo hadi ulipotangazwa kuwa umekomaa mwishoni mwa 2008.

Mimi ni miongoni mwa wanaowagombeza vijana wanaonakili msimbo. Hapa nawatetea walionakili. Nakala ile ilikuwa uzio, na ndani ya uzio waliharibu na kutengeneza bila kumlaza mtu njaa.

Lakini uzio una gharama yake. Hitilafu iliyokuwemo kwenye sehemu ya asili sasa ilikuwemo mara mbili, na aliyeiziba upande mmoja alipaswa kukumbuka upande wa pili. Tabaka la juu linalohudumia mifumo yote ya faili likibadilishwa, draiva zote hufuatwa moja moja. Hata msimbo wa daftari ulikuwa na pacha wake: JBD ya ext3 na JBD2 ya ext4.

ext4 ilijua kusoma diski za ext3 muda mrefu kabla ya 2015. Kusoma peke yake hakukutosha, kwa sababu watu huzoea pia tabia. ext4 hukawia kuchagua mahali pa kuweka data mpaka dakika ya kuiandika, na hapo ndipo inapopata sehemu ya kasi yake. Mwaka 2009 wapo waliolalamika kwamba mashine ikizima ghafla, faili zilizotoka kuhifadhiwa zinakutwa na baiti sifuri. Programu zao zilikuwa zimelelewa na ext3. Ndiyo maana ndani ya ext4 mna sharti dogo: diski ikifunguliwa kwa jina la ext2 au ext3, ule ukawiaji hauwashwi wenyewe. Ukiandika leo mount -t ext3, anayeitika ni ext4, akijitahidi kufuata mwenendo wa marehemu. Kwangu kazi yenyewe ilikuwa kwenye sharti kama hilo. Kufuta saraka ni amri moja tu.

Draiva ya ext2 haikuguswa ext3 ilipoondolewa. Ni fupi, haina daftari, na anayejifunza kuandika mfumo wa faili huanza kwa kuisoma. Jan Kara, aliyeiondoa ext3, ni mtunzaji wa ext2. Sasa nayo imebandikwa alama kwamba haipendekezwi tena, na watumiaji wanaelekezwa kwa ext4. Kosa lake ni saa: draiva hiyo haiwezi kuandika sawasawa tarehe za faili zaidi ya 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.