Safari Rally tuliyoitazama kwa betri ya gari

JUMAPILI ya Pasaka, Machi 31, 2024, nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha chai hapa Kamembe, nikiwatazama wafanyabiashara wakiteremka na mizigo yao kuelekea mpakani. Kijana mmoja wa pikipiki akaniita: “Mwalimu, njoo uwaone Wakenya wako.”

Kwenye simu yake Kalle Rovanperä alikuwa akitimua vumbi la Naivasha kwa Toyota. Picha zilikuwa safi ajabu: kamera angani, kamera ndani ya gari, hata mikono ya dereva unaiona. Baada ya dakika kumi nikamrudishia simu. Alishangaa. Nami nilijishangaa, maana zamani nilikuwa radhi kuchapwa ili nipate dakika tatu tu za mbio hizo.

Wenzangu mliokulia Kenya mnakumbuka. Enzi hizo Pasaka ilikuwa Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kufikia miaka ya 1980 zilikuwa za Kenya peke yake, lakini bado zilizidi kilomita 4,000, tena kwenye barabara zile zile za matatu na ng’ombe. Ukisikia helikopta, ujue gari li nyuma yake. Siku hizi mashindano yenyewe hayafiki kilomita 400, kwenye njia zilizofungwa.

Nakuru, tulikoishi ukimbizini, mtaa wetu ulikuwa na runinga moja tu. Ilikuwa ya mzee mwenye duka, isiyo na rangi, na iliendeshwa kwa betri ya gari. Saa moja jioni tulijazana mlangoni kungoja taarifa ya habari ya KBC. Picha za mbio zilikuja mwishoni: gari moja kwenye matope, jingine likivuka mto, basi. Majina na nyakati tulikwisha kuyasikia redioni mchana kutwa. Mengine tuliyajaza wenyewe. Aliyekwenda barabarani alisimulia, sisi tuliobaki tukabisha.

Pasaka ya mwaka 1990 mvua ilikuwa kubwa. Björn Waldegård alishinda, lakini betri yetu ilizimika kabla hatujamwona. Mzee mwenye duka akasimama mbele ya runinga iliyozimika, akatuigizia jinsi mshindi anavyopanda juu ya gari lake. Tulimpigia makofi kama yeye ndiye aliyeshinda.

Baba hakuwahi kuja dukani. Alikimbia Cyangugu akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akapitia Bukavu na Uganda hadi kufika kwenye cherehani yake pale Nakuru. Alikuwa akisema: “Magari yote hayo, hakuna hata moja linalokwenda Cyangugu.” Dereva aliyemheshimu ni mmoja tu, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake iliondoka wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka uliofuata alishinda Safari, na hatimaye akaishinda mara tano. “Huyo,” alisema baba, “anaendesha kama mtu asiye na pa kurudi.”

Tulirudi mwaka 1995. Baba aliliona tena ziwa Kivu, akatulia. Alifariki kabla jina la Rusizi halijachukua nafasi ya Cyangugu mwaka 2006. Mimi nilidhani nami nitatulia. Kumbe kiu yake ilipoishia ndipo yangu ilipoanzia. Nchi ile haikunipa kitambulisho, na shuleni niliitwa mgeni. Lakini kwenye mlango wa duka lile hakuna aliyeniuliza karatasi. Waliniuliza tu: nani anaongoza?

Haya nilimsimulia yule kijana wa pikipiki. Mama mmoja anayepeleka mayai Bukavu alikuwa akisikiliza, kapu lake miguuni.

“Sasa Mwalimu,” akauliza, “kwenu hasa ni wapi?”

Nikamjibu kwamba kwetu ni hapa hapa. Akacheka kidogo, akajitwika kapu lake na kuteremka kuelekea darajani. Nami nikamwomba kijana anipe tena ile simu.