"Ajira ya Pili" na "Kodi ya Ziada": Istilahi za Kukagua Kodi ya Mapato na Kurejeshewa Iliyozidi

Mwalimu mmoja wa mwambao wa Ziwa Nyasa alituletea hati yake ya mshahara akitaka tumfasirie maneno mawili. Alikuwa amefundisha kwa miaka kadhaa Mbinga mjini, katika shule isiyo ya serikali, kisha akaacha kazi hiyo na kuteremka ziwani kufundisha katika shule nyingine. Siku ya kuripoti alipewa fomu yenye swali hili: "Je, unayo ajira nyingine?" Akajibu, "Ndiyo, Mbinga," kwa kuwa alidhani anaulizwa kazi aliyoifanya kabla ya hiyo. Mhasibu akamwandika kuwa hii ni "ajira yake ya pili". Kwa miezi minne mwalimu huyo akakatwa kodi zaidi ya mara tatu ya ile iliyompasa.

Mhasibu alikokotoa sawasawa. Kosa lilianzia katika neno "nyingine", likakomazwa na neno "pili". Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maneno hayo na mengine ya jamii yake, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa umma wapate kuyatumia bila kumtia mwananchi hasarani.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Kodi ya mapato ilianza kutozwa Tanganyika mwaka 1940, na leo inasimamiwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1973. Mwajiriwa haipeleki kodi hii mwenyewe. Mwajiri humkata kila mwezi na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Utaratibu huo huitwa Lipa Kadiri Upatavyo. Kwa mujibu wa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kodi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Hadi 760,000, asilimia 20. Hadi 1,000,000, asilimia 25. Na kinachozidi hapo, asilimia 30. Mwenye kukagua hana budi kutumia viwango vya mwaka anaoukagua, maana Bunge laweza kuvibadili kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka.

Tuseme mshahara wa mwalimu wetu ni shilingi 800,000. Mchango wake katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ni asilimia 10, yaani shilingi 80,000, na mchango huo huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Hubaki shilingi 720,000. Kodi ya sehemu inayotozwa asilimia 8 ni 20,000. Ya shilingi 200,000 zilizobaki, kwa asilimia 20, ni 40,000. Jumla ni shilingi 60,000. Lakini mtu mwenye ajira mbili kwa wakati mmoja hupata nafuu ya ngazi hizo katika ajira moja tu; katika ile nyingine hukatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Asilimia 30 ya 720,000 ni 216,000. Kwa hiyo mwalimu alipunjwa shilingi 156,000 kila mwezi, na kwa miezi minne shilingi 624,000.

Sasa tuyatazame maneno. "Ajira ya pili" yaweza kuwa ya pili kwa wakati, kama mtu asemavyo "mke wangu wa pili" baada ya kufiwa na wa kwanza. Na yaweza kuwa ya pili kwa daraja, ikiwapo ile ya kwanza. Sheria yakusudia maana hii ya mwisho peke yake. Tunapendekeza basi "ajira kuu" na "ajira ya nyongeza", na swali la fomu liandikwe hivi: "Je, kwa sasa unalipwa mshahara na mwajiri mwingine?" Swali lenye "kwa sasa" halimpotezi mtu.

Neno jingine ni "makato". Mkulima wa kahawa wa Umatengo huita makato kila kinachopungua kati ya mizani na fedha anayotia mkononi. Mwajiriwa naye husema "nimekatwa" bila kutenga kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na mkopo. Neno hilo lafaa kwa jumla ya hesabu, ila halifai kwa ukaguzi, maana anayekagua hana budi kujua ni kipi kinachoondolewa kabla ya kodi na kipi baada yake. Katika mfano wetu, mhasibu akisahau kuondoa mchango kwanza, kodi ya shilingi 800,000 itakuwa 78,000 badala ya 60,000, ingawa makato yote yana majina halali.

"Marejesho" nalo lina mashaka yake. Katika hati ya mshahara "marejesho ya mkopo" ni fedha anayoitoa mwajiriwa. Katika barua ya Mamlaka ya Mapato "marejesho ya kodi" ni fedha anayoipokea. Zaidi ya hayo, wako wanaoita "marejesho" ile taarifa ambayo mlipakodi huijaza na kuipeleka, ambayo Mamlaka yenyewe huiita "ritani". Hivyo mtu aambiwaye "peleka marejesho" hajui kama apeleke fedha au karatasi. Tunaona "ritani" imekwisha kuzoeleka, na iachwe hivyo. Kwa fedha inayomrudia mtu, kauli ya kutendewa huondoa utata: "kurejeshewa kodi".

Mbaya kuliko yote ni "kodi ya ziada". Baadhi ya wafasiri huitumia kwa kodi iliyolipwa kupita kiasi, na msomaji huielewa kuwa ni kodi nyingine ya kuongezea. Mtu anayedai haki yake akiandika "naomba kuhusu kodi ya ziada" ataonekana anaomba kuongezewa mzigo. Na iandikwe "kodi iliyolipwa kupita kiasi".

Wafasiri wa hati za kigeni wana mtego mwingine. Neno moja la Kiingereza huwa na maana mbili: kwa Wamarekani ni mkusanyiko wa sheria za kodi, kwa Waingereza ni alama ya tarakimu na herufi ambayo mwajiri huitumia kukata kodi ya mtumishi, kama vile 1257L, inayohusiana na pauni 12,570 zisizotozwa kodi kwa mwaka. Ndugu zetu walioajiriwa Uingereza hutakiwa kuikagua alama hiyo, maana ikikosewa hukatwa kupita kiasi kama mwalimu wetu. Kwa maana ya Kimarekani twasema "sheria za kodi". Kwa ya Kiingereza, "msimbo wa kodi". Kulitohoa neno lenyewe, kama ilivyofanyika katika "postikodi", kungetupa "kodi ya kodi".

Tanzania haina msimbo wa namna hiyo. Mwajiriwa hukagua mambo manne: Namba yake ya Utambulisho wa Mlipakodi, aina ya ajira aliyoandikiwa, kama mchango umeondolewa kabla ya kodi, na ngazi za viwango. Akiona kosa, kwanza amwandikie mwajiri, akiambatisha hati za mshahara. Kwa kodi iliyokwisha kuwasilishwa, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humruhusu mlipaji kuomba arejeshewe. Asichelewe, na atunze hati zake zote, hasa hati ya kodi ya zuio ambayo mwajiri anawajibika kumpa.

Kwa muhtasari, tunatoa fasili hizi ili wasomaji wazijadili:

Ajira kuu: ajira ambayo mwajiriwa hupatia nafuu ya ngazi za kodi.
Ajira ya nyongeza: ajira inayofanywa wakati uleule na ajira kuu.
Mapato yanayotozwa kodi: mapato yanayobaki baada ya kuondoa michango inayoruhusiwa na sheria.
Kodi ya zuio: kodi inayokatwa na mlipaji kabla ya malipo kumfikia mpokeaji.
Ritani: taarifa ya mapato na kodi inayowasilishwa na mlipakodi.
Kodi iliyolipwa kupita kiasi: tofauti kati ya kodi iliyolipwa na iliyostahili, pale iliyolipwa inapokuwa kubwa.
Kurejeshewa kodi: kulipwa tofauti hiyo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria za nchi yetu. Heshima hiyo ina deni lake: neno la fomu likiwa na maana mbili, mwenye fomu ndiye atakayelipia ile ya pili. Mwalimu wetu tulimsaidia kuandika barua kwa mwajiri wake, na humo hatukuandika "ajira ya pili" wala "kodi ya ziada". Wenye maneno bora kuliko haya tunawaomba watuandikie.