Mbwa na Watu, Sehemu ya Tano: Kumtoa Mbwa Hofu

Mbwa koko akishaokolewa na kufikishwa bandani, njaa yake huisha ndani ya siku chache. Hofu haiishi hivyo. Mbwa hujibanza kwenye kona, mkia umefichwa katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, na sahani ya ugali na dagaa haiguswi mpaka watu waondoke. Hulamba pua na kupiga miayo, dalili ambazo asiyejua huzidhania njaa au usingizi. Akisogelewa huganda, akishikwa kwa nguvu hung'ata. Kupe, ukoko na minyoo, vilivyoelezwa katika sehemu zilizotangulia, vina dawa kwenye duka la mifugo. Dawa ya hofu haiuzwi dukani.

Mizizi yake iko utotoni. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa huwa mwepesi wa kumzoea binadamu; muda huo ukipita bure, kazi huwa ngumu. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walieleza matokeo ya kulea watoto wa mbwa ndani ya uzio bila kuzoeshwa watu. Waliokutanishwa na watu kwa mara ya kwanza wakiwa na wiki 14 hawakuzoea kama wenzao. Jijini Arusha wiki hizo hupita mtaroni, nyuma ya mabucha au karibu na soko la Kilombero, na mara nyingi binadamu wa kwanza kufahamika ni yule mwenye jiwe mkononi. Mtoto wa shule anayemlenga mbwa kwa jiwe hakemewi na mtu mzima anayepita, pengine huchekewa. Mbwa wa boma, kwenye miteremko ya Mlima Meru, hukua pamoja na watoto na mbuzi, hivyo hana sababu ya kushtuka akiona mtu. Na wapo wa mjini wanaofungwa mnyororo mchana kutwa nyuma ya kibao cha "Mbwa Mkali". Mwenye nyumba huamini amepata mlinzi, kumbe amefuga hofu kwa gharama zake mwenyewe.

Elimu ya hofu ya mbwa inadaiwa sana na mafuriko. Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika mjini Leningrad na maji yakaingia katika mabanda ya mbwa wa Ivan Pavlov, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Wasaidizi wake walipofika, mbwa walikuwa wakielea ndani ya matundu, pua zao karibu na dari. Milango ilikuwa chini, chini ya maji. Ilibidi kila mbwa azamishwe kichwa na kuvutwa kupitia mlangoni, jambo ambalo mnyama hangeweza kulitofautisha na kuuawa. Wote waliogeleshwa hadi jengo kuu.

Siku zilizofuata, baadhi yao walikuwa wamesahau mafunzo. Mbwa aliyezoea kutokwa mate kila aliposikia ishara ya chakula sasa alisikia ishara hiyo na kukaa kimya, hata chakula akakisusa. Wenye tabia ya utulivu walirudi katika hali yao mapema. Waliokuwa waoga kwa asili walichukua muda mrefu. Hata baada ya kupona, watafiti waliporuhusu maji kidogo yapite chini ya mlango wa chumba, mbwa mmoja alihangaika na mafunzo yakapotea tena. Pavlov aliona hapo kwamba hofu iliyotulizwa haijafutwa. Imelala, na kitu kidogo tu kinaweza kuiamsha. Mtunzaji anayeshangaa kuona mbwa wake aliyekwisha kuzoea watu akijificha tena siku ya radi angepata jibu lake hapo.

Mwaka huohuo wa 1924, huko Marekani, Mary Cover Jones alichapisha habari za Peter, mtoto wa karibu miaka 3 aliyeogopa sungura. Sungura aliwekwa mbali ndani ya tundu wakati Peter akila chakula anachokipenda, kisha akasogezwa kidogo kidogo, hadi mtoto akamgusa mwenyewe. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliukuza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1958. Bandani unafanyika vivyo hivyo. Mhudumu hukaa chini akiwa ameelekea pembeni, bila kumkazia mbwa macho, na kurusha kipande cha maini yaliyochemshwa nyuma ya mbwa. Kwa nini nyuma? Ili mbwa apate chakula kwa kujitenga na mtu, na kurudi karibu kuwe uamuzi wake. Mbwa mwingine aliyezoea watu huwekwa pamoja naye, kwa kuwa mwoga humtazama mwenzake kabla ya kumwamini binadamu. Ukosi na kamba huja baadaye sana.

Kumbana mbwa kwenye kona "mpaka azoee" ni ukatili unaojiita mafunzo. Mwaka 1967 watafiti Seligman na Maier walionyesha kuwa mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuziepuka wengi wao hawakujaribu tena kukimbia, hata njia ilipokuwa wazi. Walilala wakavumilia. Mbwa wa namna hiyo ametulia kwa kukata tamaa.

Matunda ya subira yamepimwa. Shirika la kutetea wanyama la ASPCA la Marekani lilichapisha mwaka 2022 matokeo ya mbwa zaidi ya 400 waliokuwa na hofu kali. Zaidi ya asilimia 80 walihitimu matibabu, na karibu wote waliohitimu walipata makazi. Wachache hawafikii hapo, nao hutosheka na shamba lenye uzio na wenzao wachache. Faida ya jirani ni kubwa zaidi: mbwa anayeshikika ndiye anayechanjika. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na maambukizi hukatika pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa. Asiyeshikika hubaki nje ya hesabu hiyo.

Ndiyo sababu maandalizi ya mashindano ya soka ya AFCON 2027 na uwanja wa Olmoti jijini Arusha yanahitaji macho. Miji inayotarajia wageni hushawishika kuwapiga mbwa risasi au kuwawekea sumu. Morocco imetuhumiwa hivyo kuelekea Kombe la Dunia la 2030, na maofisa wake wamekanusha. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Arusha ina mashirika ya kutetea wanyama kama ASPA na Mbwa wa Africa. Wakiuawa mbwa wa mtaa mmoja, wa mtaa wa pili huhamia kwenye mabaki ya chakula, na wanaosalia huwa wagumu zaidi kuwakaribia siku ya chanjo. Kuhasi na gharama zake ni mada ya sehemu ya sita.