Giza la Kigali na Maji ya Rugezi

Dhoruba inapopiga Kigali katika miezi ya masika, mikaratusi huangukia nyaya, nguzo huinama, transfoma huunguzwa na radi, na mtaa mzima huingia gizani. Hapo mafundi wa umeme hutumwa. Kazi yao ina utaratibu wake: kwanza huizima njia yote ili mtu asipoteze maisha, kisha huzifuata nyaya mlima hadi mlima mpaka waione hitilafu ilipo, huirekebisha, halafu huwasha sehemu moja moja, hospitali na pampu za maji zikitangulia. Saa hupita, na mara nyingine siku. Wananchi hulalamika, na aghalabu wana haki ya kulalamika. Lakini wanajua kwamba mahali fulani pana waya uliokatika, na kwamba yupo mtu anayeutafuta.

Mwaka 2004 mambo yalikuwa mengine. Kigali iliingia gizani bila ya dhoruba. Nguzo zilisimama wima, nyaya zilikuwa nzima, jua likiwaka, na umeme haukuwapo. Ukaanza mgawo, mtaa huu ukiwashiwa na ule ukizimiwa. Kinyozi aliachwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Mchomelea vyuma alikaa mbele ya karakana yake mikono mitupu. Mwenye duka la nyama alihesabu hasara. Na kwa kuwa Kigali ni jiji la vilima, ambako maji hayapandi ila yasukumwe na pampu, umeme ulipokwenda maji nayo yalifuata, na jerikani zikapangwa foleni.

Hasira ya watu iliangukia mahali pamoja: shirika la Electrogaz. Shirika hilo, lililoundwa mwaka 1976, lilikuwa limepewa dhamana ya umeme, maji na gesi kwa nchi nzima, hata mwananchi aliyekosa taa na mwananchi aliyekosa maji walikutana mbele ya dirisha lile lile. Tena mwaka 2003 uendeshaji wake ulikuwa umekabidhiwa kampuni ya Kijerumani, Lahmeyer International, kwa mkataba wa miaka mitano, na watu walikuwa wameahidiwa huduma bora. Badala yake wakapata giza. Ni jambo linaloeleweka kwamba wengi waliamini giza hilo limeletwa na uzembe, na kwamba lau wakubwa wa shirika wangalitaka, taa zingaliwaka kesho yake.

Askari wa zamu huisikia hasira ya namna hii kabla ya mkurugenzi yeyote kuisikia. Usiku, katika mtaa usio na taa, sare yake ndiyo sehemu pekee ya dola inayoonekana, na yeye ndiye anayeulizwa maswali ambayo jibu lake liko ofisini. Kwa sababu hiyo yafaa ieleweke ni kwa nini umeme wa mwaka 2004 haukurudi upesi, na ni kwa gharama ya nani hatimaye ulirudi.

Sehemu kubwa ya umeme uliozalishwa nchini wakati huo ilitoka katika vituo viwili vya nguvu za maji huko kaskazini, chini ya milima ya volkano. Kuna maziwa mawili jirani, Burera na Ruhondo. Burera liko juu na Ruhondo liko chini, na tofauti ya kimo baina yao ni kiasi cha mita 100. Maji yanayoteremka kutoka ziwa la juu kwenda la chini huzungusha mitambo mitatu ya kituo cha Ntaruka, kilichoanza kazi mwaka 1959, chenye uwezo wa megawati 11.25. Yakitoka Ruhondo, maji hayo hayo hushuka tena hadi kituo cha Mukungwa, kilichozinduliwa mwaka 1982, chenye uwezo wa megawati 12. Maji yale yale, basi, hufanya kazi mara mbili. Ni mpango wenye akili. Lakini una hatari yake, kwani Burera likipungukiwa, vituo vyote viwili hudhoofika kwa pamoja.

Na Burera hulishwa na nini? Hulishwa na kinamasi cha Rugezi, bonde refu la matete na mafunjo lililo juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mtu asiyelijua bonde hilo huliona kuwa ardhi iliyolala bure. Kumbe ndilo ghala la maji ya umeme. Mvua inaponyesha, mboji yake hufyonza maji kama sifongo. Kiangazi kinapokuja, huyaachia kidogo kidogo yaende ziwani. Ghala hilo lilitobolewa pole pole. Vilima vya pembeni vililimwa hadi kileleni, udongo ukateremka bondeni, na mifereji ikachimbwa ili kukausha kinamasi wapate kupanda viazi na mazao mengine. Maji yaliyokuwa yakichelewa sasa yakapita mbio. Mvua zilipopungua mnamo mwaka 2003 na 2004, hapakuwa na akiba. Kina cha Burera kilishuka, na mitambo ya Ntaruka, ambayo nayo haikuwa imetunzwa ipasavyo, ikakosa maji ya kuizungusha.

Juu ya hayo, tangu kituo cha Ruzizi ya Pili kilichojengwa na Rwanda, Burundi na Zaire kuanza kazi mwaka 1989, nchi haikuwa imepata kituo kingine kikubwa cha umeme. Vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 viliangamiza watu, vikabomoa mali, na kuitawanya elimu ya kazi iliyokuwa vichwani mwa mafundi. Baada ya hapo Kigali ilikua mwaka hadi mwaka, nyumba juu ya nyumba, huku mitambo ikibaki ile ile. Hapana shaka kwamba Electrogaz ilikuwa na makosa yake, na mkataba wa wale waendeshaji wa kigeni ulivunjwa mwaka 2006 kabla ya muda wake kwisha. Lakini hata kama shirika lingeongozwa na malaika, malaika hao wasingeweza kulijaza ziwa kwa wiki moja.

Hapa ndipo ulipo ugumu ambao mwenye hasira hakuuona. Waya uliokatika una mahali pake na una kipuri chake. Hata kipuri chenyewe chaweza kuchelewa: Unguja ilikaa gizani kwa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia moja tu ya umeme unaovushwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Kinamasi hakina kipuri. Hakuna meli inayoweza kuleta Rugezi nyingine.

Serikali ya Rwanda ilichukua njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya haraka na ya gharama kubwa, nayo ni kukodi majenereta ya dizeli, ambayo mafuta yake yalipaswa kusafirishwa kwa malori kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Taa zilirudi, lakini bili ikapanda nazo. Bei ya uniti moja ya umeme, iliyokuwa faranga 42, ilipita faranga 80 mwaka 2005, na baadaye ikafika 112. Mwananchi aliyekasirika kwa kukosa umeme sasa alikasirika kwa bei yake, na safari hii pia askari wa zamu ndiye aliyesikia kwanza.

Njia ya pili ilikuwa ya polepole, nayo ndiyo iliyotibu. Kilimo na ukaushaji wa maji katika kinamasi cha Rugezi vilipigwa marufuku. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 iliweka mpaka wa mita 50 kutoka kando ya ziwa na mita 10 kutoka ukingo wa mto, ambamo kulima hakuruhusiwi. Miti ilipandwa milimani, makingamaji yakachimbwa ili kuzuia udongo usiporomoke, na ukanda wa mianzi na majani ya malisho ukazungushwa kinamasi. Mwaka huo huo wa 2005 Rugezi iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu duniani. Kina cha ziwa kilipanda, mitambo ya Ntaruka ikarudia nguvu zake, na mwaka 2010 Rwanda ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo.

Jambo moja halikutajwa sana katika sherehe za tuzo. Marufuku ya Rugezi iliangukia familia maskini za wakulima, ambazo shamba la kinamasini ndilo lililowalisha katika miezi ya kiangazi, wakati mlimani hakuna kitu. Waliondolewa katika mashamba hayo, na wengi walipata dhiki. Hasira yao haikuandikwa magazetini kama ile ya mjini, kwa sababu haikuwa na dirisha la malipo la kusimama mbele yake. Tena katika miaka hiyo nyumba zilizokuwa na umeme Rwanda hazikufikia moja katika kila kumi, na nyingi katika hizo zilikuwa Kigali. Mkulima aliyeacha shamba lake ili taa ya Nyamirambo iwake, yeye mwenyewe alirudi nyumbani kwake jioni akawasha kibatari.

Mwenye sare ana kazi pande zote mbili. Mjini anatakiwa kumpambanua mtu mwenye malalamiko ya haki na mtu anayetumia giza kuvunja duka. Mtu aliyelipia huduma akaikosa si adui wa amani kwa sababu tu amepaza sauti. Kaskazini, anayekutwa akifungua mfereji kinamasini usiku aghalabu si mhujumu bali ni baba mwenye watoto wenye njaa. Sheria yapaswa kushikwa, kwani mifereji michache yaweza kurudisha yale ya mwaka 2004; lakini anayeshikwa ana haki ya kuelezwa kwamba maji yale yanakwenda wapi na yanafanya nini.

Electrogaz yenyewe haipo tena. Ilivunjwa, warithi wake wakaunganishwa na kutenganishwa, na tangu mwaka 2014 kazi ya umeme iko mikononi mwa shirika la REG, na ile ya maji mikononi mwa WASAC. Mwaka huo huo Nyabarongo iliongeza megawati 28, na gesi ya Ziwa Kivu imekuwa ikichomwa kuzalisha umeme katika mitambo ya KivuWatt iliyozinduliwa mwaka 2016. Mzigo uliokuwa juu ya maziwa mawili sasa umegawanywa. Ntaruka ingali ikizunguka, na matete ya Rugezi yangali yakiilisha Burera.