Je, Wajua? Gesi ya Kupikia Huzaa Maji

Asubuhi za Julai, madirisha mengi ya Kayole, Nairobi, hutiririka maji upande wa ndani. Mpangaji humlaumu mwenye ploti, keteka naye hulaumu manyunyu. Je, wajua kuwa sehemu ya maji hayo ilinunuliwa dukani ikiwa gesi?

Gesi ya meko inapoungua, haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani ikawa maji. Kilo 1 hutoa takriban lita 1 na nusu. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, umeshamwaga zaidi ya lita 9 za maji kwa sura ya mvuke, na hapo hatujahesabu sufuria ya githeri, nguo zilizoanikwa ndani wala pumzi za waliolala. Stovu ya mafuta taa haina nafuu: lita ya mafuta huzaa kama lita ya maji. Makaa hutoa maji kidogo, lakini asikudanganye mtu ukaingiza jiko na kufunga dirisha. Kaboni monoksidi haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Sasa chukua chumba cha futi 10 kwa 10. Hewa yake yote, ikiwa nyuzi 20, haiwezi kubeba hata nusu lita ya maji. Ikipoa hadi nyuzi 10, uwezo huo hupungua karibu nusu. Usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12; kioo na fremu ya chuma hupoa kwanza, na mvuke uliokosa nafasi hewani hutua hapo. Kwenye nyumba za mabati mambo hugeuka kioja: usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka, na paa lisilo na tundu hata moja likadondosha maji kitandani.

La ajabu zaidi, hewa ya nje hukausha chumba hata wakati wa manyunyu. Hewa ya nyuzi 12 iliyoshiba maji, ikiingia ndani na kufika nyuzi 20, unyevu wake hushuka hadi asilimia 60 hivi. Kwa hiyo yale matambara tunayoziba nayo matundu ya juu ya dirisha kila Juni yanafungia maji ndani. Na kwa jinsi ghorofa zilivyobanana, dirisha peke yake halitoshi; baada ya kupika, fungua na mlango upepo upite.

Kuvu haisubiri ukuta ulowe. Unyevu wa asilimia 80 ukikaa ukutani kwa siku kadhaa huitosha, hasa nyuma ya kabati lililobanwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha nyumba zenye unyevu na kuvu na maradhi ya kifua, pumu ikiwemo. Kuifunika kuvu kwa rangi ni kupoteza rangi.

Kipimo unacho jikoni. Chumvi huanza kulowa unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, jambo ambalo watu wa Mombasa wamelizoea. Ikilowa Kayole, katikati ya baridi, chumba kimeshavuka hapo.