Jambia la Babu na Jambia la Dukani

Mavuno ya mpunga yakishaingia ghalani hapa Kagongwa, harusi hufuatana, na kamati yetu huulizwa juu ya jambia la bwana harusi: livaliwe la kale lililoachwa na babu, au linunuliwe jipya? Kwa mavazi ya siku moja, jipya linatosha. Joho halimuulizi jambia umri wake, wala si aibu kuazima kwa jirani.

La babu lina hukumu nyingine. Majambia ya Oman yaliingia bara katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, na baadhi yakabaki katika nyumba za wajukuu. Huko Oman jambia limo katika bendera ya taifa, na mwaka 2022 UNESCO iliuorodhesha ufundi wake miongoni mwa turathi za wanadamu. Basi inasikitisha kuona kijana mmoja akilitoa sandukuni na kuliuza kwa bei ya chakavu, ilhali marehemu ameacha warithi kadhaa. Hiyo ni mali ya mirathi. Lithaminiwe kwanza, na atakayelichukua likatwe katika fungu lake. Mizani ya sonara peke yake haitoshi, kwani hupima fedha, haipimi umri wala kazi ya mkono.

Vipi litambulike? Tazama ala. Kazi ya kale aghalabu ni nyuzi nyembamba za fedha zilizoshonwa juu ya ngozi, zikiwa nyeusi mikunjoni na laini pale viganja vilipopita miaka mingi. La kuigiza mara nyingi limemiminwa katika kalibu, na mstari wa kalibu huonekana ubavuni. Lakini wapo wajanja wanaolitia dawa jipya lisawijike, kwa hiyo msiamini alama moja. Na tafadhalini, msilisugue kwa mchanga wala steelwire; anayelisafisha hivyo hulipunguzia thamani kwa mkono wake.

Kipini ndicho chenye hatari. Majambia ya fahari yalitiwa pembe ya kifaru, na biashara ya kimataifa ya pembe hiyo imepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Kwa sheria yetu, kukaa na nyara za Serikali bila kibali ni kosa, hata kama uliirithi. Mwenye shaka aende ofisi ya wanyamapori kabla mnunuzi hajabisha hodi. Vilevile kitu cha kale hakitolewi nje ya nchi bila kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Tunaishi katika ukanda wa dhahabu, hivyo tuliseme na hili: fedha katika silaha ya mwanamume imeruhusiwa, dhahabu ya kujipamba hapana. Anayetaka kulichovya la babu katika dhahabu ili ling'ae ukumbini, na amwachie babu fedha yake, akavae la dukani.