Damu Safi, Mguu Unauma: Darasa la Afya Baada ya Tarawehe



Darasa la usiku huu limetokana na swali. Juzi, watu walipokuwa wakitoka tarawehe, mzee wetu mmoja alitoa mfukoni karatasi ya maabara akatuonyesha kwa furaha. Kwa miezi kadhaa shavu la mguu wake wa kulia limekuwa likimkaza kila anapokuja msikitini kwa miguu. Husimama penye kituo cha basi, maumivu hutulia, kisha huendelea na safari yake. Karatasi ilisema kwamba CRP yake ni chini ya 5. "Damu yangu safi," akasema, "basi huu ni uzee tu." Tulimwomba aketi kidogo. Tuliyomweleza ndiyo tunayoyaeleza leo mbele ya jamaa wote.

Mishipa inayopeleka damu miguuni huweza kuziba polepole. Wengi wetu hudhani huziba kama bomba la maji lililojaa taka, lakini ukuta wa mshipa ni kitu hai. Mafuta yakipenya ndani yake, chembechembe nyeupe za damu huyafuata, huyameza, hufa humo humo, na huita nyingine zije. Mapambano hayo ndiyo wataalamu huyaita inflamesheni. Ni mwako kama ule wa kidonda kinachopata joto na kuvimba, ila huu ni wa chini kwa chini na hudumu miaka. Habari zake huingia katika damu. Mjumbe mmoja, intaliukini 6, hufika kwenye ini, nalo ini huzidisha kutengeneza CRP pamoja na fibrinojeni, ambayo ni protini ya kugandisha damu.

CRP iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis huko New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Kazi yake kubwa hospitalini hadi leo ni kuonyesha maambukizi, ambapo huweza kuruka hadi kupita miligramu 100 kwa lita. Kwa kazi hiyo, jibu la "chini ya 5" latosha kabisa. Kwa mishipa halitoshi, na hapa ndipo mzee wetu alipojifariji mapema.

Mwaka 1998 Paul Ridker na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaktari wanaume wa Marekani ambao damu yao ilichukuliwa wakiwa wazima. Walilinganishwa 144 waliokuja kuugua mishipa ya miguu na wengine ambao hawakuugua. CRP ya kati ya waliougua ilikuwa miligramu 1.34 kwa lita. Ya wenzao ilikuwa 0.99. Tuzitazame vizuri nambari hizo: zote mbili ziko mbali chini ya 5. Karatasi kama ile ya mzee wetu isingewatofautisha.

Kipo kipimo chepesi zaidi cha kuhisi, ambacho huhesabu chini ya 1 kuwa hatari ndogo na zaidi ya 3 kuwa hatari kubwa. Hata hicho hakitaji mguu. Mafua, fizi mbovu, magoti yenye baridi yabisi, sigara na unene wa tumbo, vyote huipandisha CRP. Ni harufu ya moshi mtaani: pana moto, lakini nyumba haijulikani. Nasi watu wa ughaibuni, tuseme kweli, tumezoea kuiamini karatasi yenye nambari kuliko mguu unaolalamika.

Kinachoutaja mguu ni kipimo cha shinikizo la damu kwenye kifundo, kinacholinganishwa na kile cha mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 91, jibu ni 0.65, na 0.90 kushuka chini ni dalili ya ugonjwa. Hakuna sindano. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu mishipa huweza kukakamaa na kutoa jibu kubwa la uongo, kwa hiyo yeye huweza kupimwa kwenye kidole gumba cha mguu. Hapa Uingereza mwenye kisukari hustahiki kukaguliwa miguu kila mwaka. Mama zetu wengi huiacha barua ya miadi juu ya friji mpaka siku ipite.

Hatari yenyewe haiishii mguuni. Aliyeziba miguu mara nyingi ana mishipa ya moyo na ya ubongo katika hali hiyo hiyo, na wengi huondolewa na moyo au kiharusi kabla ya mguu kukatwa. Tiba ni kuacha sigara, dawa za kolesteroli na za kuzuia damu kuganda, na kutembea: mtu atembee mpaka maumivu yamkamate, apumzike, aendelee, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi. Dawa zisiachwe kwa ajili ya saumu. Daktari aulizwe namna ya kuzipanga baina ya futari na daku. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku, au kidonda kisichopona, hayasubiri. Mguu uliopoa na kupauka ghafla ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Tunapotia udhu, tutazame baina ya vidole.

Mzee wetu ameandikiwa miadi ya kupimwa kifundo. Ilikuwa baada ya Idi. Tumemwomba apige simu kesho aiombe ya karibu zaidi.